Ufundishaji wa muundo wa molekuli (Ngara na Biharamulo)

Ufundishaji wa muundo wa molekuli ni sehemu ya somo la kemia inayoeleza jinsi atomu zinavyoungana, kwa mpangilio gani, na jinsi mpangilio huo unavyoamua tabia za dutu. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mada hii hufundishwa katika shule za sekondari kwa kufuata mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hupimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ugumu wake mkubwa ni kwamba molekuli ina urefu, upana na kina, ilhali ubao una urefu na upana tu.

Nafasi yake katika masomo

Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, mwanafunzi alikutana na muundo wa atomu, jedwali la elementi, fomula na muungo kemia katika kidato cha pili, kisha kemia ya kaboni katika kidato cha nne. Maumbo yenyewe ya molekuli, pamoja na pembe zake, yaliachwa hadi kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeishia kidato cha nne aliweza kuandika CH₄ bila kosa lolote na asijue kwamba methani ina umbo.

Maabara nayo haikuziba pengo hilo. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne umejikita katika kupima ukolezi wa asidi na besi, kutambua ioni zilizomo katika chumvi, na kupima kasi ya mmenyuko. Hayo yote ni ya lazima, lakini hayamdai mwanafunzi ashike molekuli mkononi. Zaidi ya hayo, shule nyingi za kata zilizoanzishwa nchini wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, zilifunguliwa bila maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata ijengewe maabara za fizikia, kemia na biolojia.

Suala la lugha

Mtoto wa Ngara huweza kuongea Kihangaza au Kishubi nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na kemia kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza. Istilahi za Kiswahili zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili hulazimika kurudi kwenye maneno ya mtihani.

Neno moja linatosha kuonyesha tatizo. Muungo kati ya atomu darasani huitwa bondi, lakini kwa Watanzania wengi kuweka kitu bondi ni kukiweka rehani. Katika muungo kovalenti hakuna aliyeweka wala aliyepokea rehani, maana atomu mbili zinamiliki jozi ya elektroni kwa ubia. Mwalimu anayeanza na ubia huo, kabla ya kutaja istilahi yenyewe, humpunguzia mwanafunzi kazi ya kufuta maana ya mtaani.

Kosa la umbo bapa

Kwenye ubao methani huchorwa kama msalaba: kaboni katikati na hidrojeni nne juu, chini, kushoto na kulia. Anayeuona mchoro huo tu huamini kwamba molekuli ni bapa na kwamba pembe zake ni nyuzi 90. Kosa hili lina historia ya heshima. Mwaka 1865 mwanakemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alitoa mhadhara London akitumia mipira ya mchezo wa kroketi iliyounganishwa kwa vijiti, na methani yake ilikuwa bapa vilevile. Rangi alizotumia, nyeusi kwa kaboni, nyeupe kwa hidrojeni na nyekundu kwa oksijeni, zinatumika hadi leo. Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba miungo minne ya kaboni huelekea pembe nne za piramidi ya pembetatu. Pembe kati ya miungo hiyo ni nyuzi 109.5.

Chanzo cha umbo hilo ni jozi za elektroni, ambazo husukumana na kukaa mbali kadiri inavyowezekana. Maputo manne yaliyofungwa pamoja kwenye shingo zao hujipanga yenyewe katika umbo hilo bila mtu kupima pembe. Mawili hukaa kwenye mstari mmoja, na matatu hufanya nyuzi 120. Katika maji, jozi mbili kati ya nne hazina hidrojeni. Husukuma zaidi, na pembe hubanwa hadi nyuzi 104.5.

Modeli za udongo na vijiti

Seti za plastiki zinazouzwa kwa ajili ya shule hazihitajiki ili kuanza. Udongo wa mfinyanzi na vijiti hutosha. Modeli ya methani iliyotengenezwa vizuri husimama mezani kwa miguu mitatu kama kigoda, na kijiti cha nne huelekea juu. Ikigeuzwa ikasimama kwa miguu mingine mitatu, bado huonekana ileile. Jaribio hilo la kugeuza ni kipimo kizuri kuliko rula. Lakini mwanafunzi aambiwe pia modeli inapodanganya: hakuna kijiti kati ya atomu, na atomu haziachani kwa nafasi tupu kama matonge ya udongo.

Mifano kutoka mazingira

Kagera ni mkoa wa migomba, na pombe ya ndizi, rubisi, inajulikana na kila mwanafunzi. Kilevi chake ni ethanoli, C₂H₆O. Fomula hiyohiyo ni ya dimethili etha, ambamo oksijeni imekaa kati ya kaboni mbili. Ethanoli huchemka kwenye 78 °C, etha hiyo kwenye −24 °C. Atomu ni zilezile kwa idadi ileile. Mpangilio tu umebadilika.

Methanoli ina kaboni moja pungufu kuliko ethanoli. Mwili huigeuza kuwa asidi fomiki inayoharibu neva ya macho, na takriban mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu. Huchemka kwenye 65 °C, lakini kutupa matone ya mwanzo ya gongo hakuiondoi yote, kwa sababu molekuli hizo hushikana na maji na ethanoli na kutoka pamoja nazo. Hapa muundo wa molekuli unahusu uhai.

Si kila dutu ina molekuli, na wilaya hizi zina mifano mizuri ya hilo. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imo katika madini ya salfaidi, ambayo ni fuwele isiyo na molekuli moja moja. Dhahabu iliyochimbwa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ni atomu za metali zilizopangwa pamoja. Kuuliza umbo la molekuli ya dhahabu ni swali lisilo na jibu, na linafaa kuulizwa darasani kwa sababu hiyo.

Vilima vya Ngara pia huvuruga namba za vitabuni. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye takriban 95 °C, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo na molekuli hutoroka mapema zaidi. Mwanafunzi anayesoma 95 kwenye kipimajoto hajakosea, na daftari lake lisisahihishwe kuwa 100.