Je, ni pepo au ni ugonjwa? Jinsi akili ya mtoto inavyojigawa

Huenda umemwona mtu anayebadilika ghafla: sauti nyingine, jina lingine, kisha hakumbuki alichofanya. Wengi husema ana pepo. Lakini upo ugonjwa wa akili, wa nadra, unaoleta hali hiyo.

Unaanzaje?
Mara nyingi huanza utotoni, wakati nafsi ya mtoto bado inajengeka. Akipigwa, akibakwa au akitishwa mara kwa mara, naye hana pa kukimbilia, akili yake huyatenga maumivu kando, kana kwamba yalimpata mwingine. Yakirudiwa miaka mingi, sehemu hizo hukua, kila moja na kumbukumbu zake.

Je, vita huuleta?
Wengi waliofika Mantapala tangu 2018 walikimbia mapigano Kongo. Kuogopa, kuota mabaya au kusahau tukio la kutisha si lazima kuwe ugonjwa huu.

Ufanye nini?
Usimpige wala kumfunga kamba. Mpeleke kituo cha afya; kifafa nacho kinaweza kufanana na hali hii. Hakuna dawa moja inayouponya. Tiba ni usalama kwanza, kisha mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu.

Mtoto akikuambia anaumizwa, mwamini, mlinde mapema.