Mfundishe mwanao la kufanya kabla ya ajali

Chukulia kwamba umetoka mara moja kwenda dukani, hapo Mtongwe au Chaani. Nyumbani umewaacha watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mdogo wake wa miaka miwili. Yule mdogo aona chupa ya soda chini ya meza, aifungua na kunywa. Kumbe ni mafuta ya taa! Je, mkubwa wake ajua la kufanya?

Wazazi wengi hudhani mtoto wa umri huo hawezi kufundishwa mambo haya. Sivyo. Anayeweza kuhifadhi sura fupi chuoni aweza pia kuhifadhi mambo matano yatakayookoa maisha.

Kwanza, aite mtu mzima. Mwonyeshe milango ya majirani wawili unaowaamini. Mwahidi pia kwamba hatapigwa akisema ukweli, kwani watoto wengi huficha kosa kwa kuogopa kiboko na wakati ukapotea.

Pili, sumu. Asimtapishe mwenzake wala kumpa maziwa. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu mzima aonyeshwe ile chupa, naye aende nayo kwa daktari.

Tatu, moto. Nguo zikishika moto asikimbie, bali ajilaze chini, afunike uso kwa mikono na kujibiringisha. Nyumba ikiwaka atoke nje. Asijifiche uvunguni wala asirudi kuchukua chochote. Akiunguzwa na chai au uji, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mfereji ukiwa umekauka, kama tulivyozoea, tumia kopo na maji ya pipa. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visipakwe kamwe.

Nne, umeme. Mwenzake akinaswa asimguse, bali apige kelele za kuomba msaada.

Tano, simu. Ajue nambari 999 na 112. Hii ya pili hupigika hata simu ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina anwani, ajue kutaja jina lake, la mzazi, na alama iliyo karibu: msikiti, kanisa, shule au duka.

Sisi wa bara tuna sababu zaidi ya kujiandaa. Hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani. Mkazi wa Likoni hungoja feri, wa Kisauni hukwama kwenye daraja la Nyali, na wa Changamwe hubanwa na malori. Kwa hivyo dakika za mwanzo zimo mikononi mwa aliye nyumbani. Ijue mapema hospitali iliyo karibu nawe, kama ile ya Port Reitz au ya Likoni.

Yafanyeni haya kama mchezo, mara moja kila mwezi, bila kumtisha mtoto. Hata hivyo, jukumu la kwanza ni lako mzazi: usiwaache watoto wadogo peke yao, na mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Leo jioni, kabla ya kulala, chungulia chini ya meza yako.

Samaki mkunje angali mbichi.