Mama wa Kichanga Aliyezoa Dhahabu ya Olimpiki

Msomaji, kama uliwahi kucheza gololi utotoni, basi kalingi umeshaielewa nusu. Tofauti ni kwamba hapa gololi yenyewe ni jiwe la graniti lenye uzito wa karibu kilo 20, sawa na ndoo kubwa ya maji iliyojaa, na uwanja ni barafu tupu yenye urefu wa mita 45 hivi. Mchezaji anajisukuma, anateleza huku amejikunyata chini, halafu analiachia jiwe taratibu. Mbele ya jiwe wenzake wawili wanasugua barafu kwa brashi mbio mbio, utadhani wasichana wa kazi waliosikia honi ya bosi getini! Barafu ikisuguliwa, jiwe linakwenda mbali zaidi na halipindi sana. Timu ni watu wanne, kila upande una mawe manane kwa raundi, na jiwe lililolala karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo linaloleta pointi.

Unacheka? Kule Kanada hawacheki ng'o. Mchezo huu ulitoka Scotland, ukavuka bahari, na leo hata vijiji vya wakulima vina ukumbi wake wa kalingi, maana baridi ya kule ikianza inakaa miezi.

Ndiko alikozaliwa mwanadada Sandra Schmirler, mwaka 1963, katika mji wa Biggar, jimbo la Saskatchewan. Jina hilo kwa Kiingereza linasikika kama "kubwa zaidi", na wenyeji wana kibao chao cha utani kwamba New York ni kubwa, lakini hapa ndipo pakubwa zaidi. Mji wenyewe una watu elfu mbili na ushee tu. Utani mwingine bwana!

Sandra alisomea elimu ya viungo Chuo Kikuu cha Saskatchewan, kisha akapata kazi katika kituo cha michezo cha umma jijini Regina. Usidhani kalingi ilikuwa inamjengea ghorofa. Wachezaji wa enzi zake walikuwa watu wa kazi zao: mchana kibaruani, jioni kwenye barafu.

Akiwa nahodha, aliungana na akina dada watatu, Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit, na hapo moto ukawaka. Mwaka 1993 walichukua ubingwa wa dunia mjini Geneva, Uswisi. Mwaka 1994 wakaurudia Oberstdorf, Ujerumani. Mwaka 1997 wakarudi tena Uswisi, safari hii mjini Bern, wakabeba la tatu. Watu wanne walewale, wafanyakazi wa kawaida kabisa!

Lakini ngoma nzito ilikuwa bado. Kalingi ilikuwa inaingia rasmi kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, na Kanada ilikuwa na nafasi moja tu kwa wanawake. Mashindano ya kumpata mwakilishi yalipangwa Novemba 1997 katika mji wa Brandon. Septemba mwaka huohuo, Sandra akajifungua mtoto wake wa kwanza, Sara.

Hapo ndipo wengi tungesema, basi dada, pumzika, lea mtoto, Olimpiki zipo tu. Sandra akaenda Brandon na mtoto wa miezi miwili na ushee.

Katika fainali alipiga jiwe ambalo wapenzi wa kalingi hadi leo wanalisimulia. Jiwe la wapinzani lilikaa katikati, limezibwa, njia ya moja kwa moja hakuna. Sandra akalenga jiwe lingine lililokuwa pembeni, jiwe lake likaligonga, likakata kona kama mpira wa puli, likaingia ndani na kuling'oa lile la katikati. Pointi tatu kwa mpigo! Tiketi ya Japani ikapatikana.

Kule Japani haikuwa mteremko. Nusu fainali dhidi ya Uingereza ilikwenda hadi raundi ya nyongeza. Fainali, Februari 15, 1998, waliifunga Denmark 7-5 na kuwa wanawake wa kwanza katika historia kuvaa dhahabu ya Olimpiki ya kalingi.

Sasa shika roho, msomaji. Mwaka 1999 Sandra alijifungua mtoto wa pili, naye wa kike. Muda mfupi baadaye madaktari wakamkuta na kansa. Februari 2000, akiwa amedhoofu, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari. Bingwa huyu aliweka wazi kwamba sasa familia iko mbele, kalingi nyuma. Na alitamani kitu ambacho wewe wa Dar au Mombasa unakipata kwa nauli ya daladala au matatu: kukaa ufukweni, mahali penye joto, pamoja na familia yake.

Alifariki Machi 2, 2000, akiwa na miaka 36. Mazishi yake yalirushwa moja kwa moja na televisheni nchini kote, heshima ambayo si ya kila mtu. Jina lake limebaki kwenye mfuko ulioanzishwa kwa kumbukumbu yake, ambao husaidia hospitali za Kanada kupata vifaa vya kuokoa vichanga waliozaliwa kabla ya wakati au katika hali mbaya.

Mitaani kwetu binti akijifungua, utasikia: "Huyo kwisha habari yake, sasa ni nepi na uji." Mwingine anajiambia mwenyewe: ngoja mtoto akue kwanza, nitarudi shule, nitarudi mazoezini, nitafungua duka. Sawa, kila mtu na mzigo wake, na si kila mtu ana wa kumshikia mtoto. Ila Sandra angesema ngoja, Olimpiki nyingine ilikuwa mwaka 2002.

Piga hesabu mwenyewe.