Mabamba ya Kibadilisha Joto: Yachunguzwe Maji Kwanza



Chama cha wavuvi kinapokusudia kununua mtambo wa barafu kwa ajili ya pwani kama ya Kunduchi, ambako samaki huteremshwa penye jua kali, hati ya mwuzaji huweza kutaja kibadilisha joto cha mabamba yaliyoungwa kwa shaba. Si vema kutia sahihi bila kuuliza, kwani fedha ni za wanachama.

Chombo hiki ni mabamba ya chuma kisichoshika kutu, kila moja likiwa na unene usiofikia milimita 1, yaliyopangwa pamoja na kuungwa tanurini kwa shaba iliyoyeyushwa. Gesi ya mtambo hupita upande mmoja wa bamba, na maji upande wa pili. Maji hupokea joto la gesi, lakini viwili hivyo havichanganyiki.

Kila bamba hupigwa matuta mfano wa miiba ya samaki. Matuta yaliyokingama njia ya maji huyavuruga sana: joto huhama upesi na mabamba machache hutosha, lakini pampu hufanya kazi nzito na gharama ya umeme hupanda. Matuta yanayofuata zaidi njia ya maji huyapitisha kwa wepesi, ila huhitaji mabamba mengi. Kwa hiyo bei ndogo ya chombo peke yake si kipimo.

Lililo kubwa zaidi ni maji yenyewe. Chumvi ya bahari hutoboa chuma hicho, na hata visima vya pwani huweza kuwa na chumvi. Tena chombo kilichoungwa hakifunguki kusuguliwa. Penye maji ya bahari hapana budi kutaka mabamba ya titani, madini yanayostahimili chumvi, yaliyofungwa kwa mpira na boliti ili yafunguliwe na kusafishwa. Na kama mtambo unatumia amonia, shaba haifai kabisa, kwa kuwa amonia huila.

Basi, kabla ya Bodi kupitisha ununuzi, katibu apeleke maji yakapimwe chumvi. Mwuzaji naye aeleze kwa maandishi aina ya gesi, mpango wa matuta na shinikizo litakalopotea. Chujio liwekwe mbele ya chombo. Majibu yote yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi atakapofika, ndiyo atakayoyaomba kwanza.