Omega-3 ya Chupa na Omega-3 ya Dagaa

Msomaji mmoja anauliza: chupa ya mafuta ya kupikia anayonunua imeandikwa kwamba ina omega-3, na mbegu za chia siku hizi zinauzwa hadi magengeni, kuna sababu gani tena ya kuhangaika na dagaa? Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Sitapoteza nafasi kueleza mafuta ni nini na mwili huyatumiaje, mambo hayo yamekwisha kuandikwa hadi yamechosha. Lililo muhimu ni kwamba jina moja la omega-3 linabeba asidi za mafuta zaidi ya moja, na ile ya kwenye chupa si ile ya kwenye samaki. Mimea hutupa ALA. Samaki hutupa EPA na DHA, na DHA ndiyo iliyosheheni kwenye ubongo na kwenye retina ya jicho. Mwili unaweza kuigeuza ALA kuwa hizo mbili nyingine, na hapo ndipo watetezi wa chia na mbegu za kitani wanaposimama. Nadharia yao ni sahihi. Hesabu yao ndiyo yenye kasoro, na sehemu kubwa ya kasoro hiyo tunaimimina wenyewe kwenye kikaango.

ALA ni mnyororo wa kaboni 18 wenye bondi maradufu tatu. Hapa nitaziita viwiko, kwa kuwa ndipo mnyororo unapopinda. Bondi maradufu ni jina zuri la darasani, lakini halimwonyeshi mtu kwamba kuna kitu kilichopinda, na kupinda huko ndiko kunakoufanya utando wa seli uwe laini badala ya kukakamaa. DHA ina kaboni 22 na viwiko sita. Basi ini likipokea ALA lina kazi mbili, kurefusha mnyororo na kuongeza viwiko, na kiwiko cha kwanza hutiwa na kimeng'enya kiitwacho delta-6 desaturasi. Kimeng'enya hicho hakihudumii omega-3 peke yake. Asidi ya linoleiki, yaani omega-6 iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti, mahindi na soya, nayo lazima ipite mikononi mwake ili iwe asidi ya arakidoniki.

Fikiria mashine ya kusaga ya kijiji, moja tu, yenye mwendeshaji mmoja. Wenye mahindi wamefika na madebe yao, foleni imezunguka nyumba. Wenye ulezi ni watatu, kila mmoja na kibaba chake. Mwendeshaji huyu, amini usiamini, anawapendelea wenye ulezi: vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba delta-6 huikamata ALA kwa wepesi zaidi kuliko linoleiki. Lakini upendeleo una kikomo. Mahindi yakiwa mengi kupindukia, ulezi utasubiri hata kama mwenye mashine ni mjomba wako. Na wanaosubiri kwenye ini hawabaki wamekaa. ALA nyingi huchomwa kuwa nishati kabla zamu yake haijafika, kama mteja aliyechoka akaenda kupika ulezi wake mzimamzima. Kisha kuna jambo ambalo wengi huliruka. Mnyororo uliofanikiwa kuwa EPA haujamaliza safari. Mwaka 1991 Howard Sprecher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, wakichunguza maini ya panya, walionyesha kwamba mwili hauendi moja kwa moja kutoka EPA hadi DHA. Hurefusha mnyororo hadi kaboni 24, hurudi kwa delta-6 ileile kutafuta kiwiko cha sita, halafu huupeleka kwenye kichumba cha seli kiitwacho peroksisomu ukakatwe kaboni mbili. Ni sawa na mtu aliyekwisha kukobolewa ulezi wake, akaambiwa arudi nyuma ya foleni ileile ili asagiwe. Mwili unatengeneza kitu kirefu kuliko unachokihitaji, kisha unakipunguza! Kwa fundi nguo huo ungekuwa uharibifu wa kitambaa. Kwa ini ndiyo njia kuu inayofahamika. Anayekula samaki, yeye amekuja na unga tayari na wala hasimami kwenye foleni.

Matokeo yake yanapimika. Mwaka 2002 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watu ALA yenye alama ya kaboni nzito na kuifuatilia kwenye damu. Kwa wanaume vijana takribani asilimia 8 iligeuka kuwa EPA, na DHA haikuonekana kuongezeka. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa asilimia 21 kwa EPA na 9 kwa DHA, tofauti ambayo huenda inatokana na homoni ya estrojeni. Waliopimwa walikuwa wachache, lakini mwelekeo huo umejirudia kwingine: mafuta ya mimea yanaipandisha EPA kiasi, DHA haitikisiki sana. Na foleni je? Kule Adelaide, Australia, utafiti wa mwaka 1994 uliwapa wanaume mafuta ya kitani huku linoleiki ikipunguzwa kwenye mlo wao, na EPA kwenye damu yao ikaongezeka mara mbili na nusu. Kwa hiyo kijiko cha chia kwa mtu anayekaanga kila kitu kwenye alizeti si sawa na kijiko hichohicho kwa anayepikia nazi au mawese. Alizeti ya kawaida ina linoleiki karibu asilimia 60 na ALA isiyofikia hata asilimia moja. Mawese yana linoleiki kama asilimia 10. Nazi ina pungufu ya hapo. Soya ndiyo yenye ujanja: ina ALA kama asilimia 7, ndiyo maana chupa inaweza kujivunia omega-3, lakini kwa kila gramu moja ya ALA inakuletea takribani gramu saba za linoleiki. Imeleta ulezi na foleni yake pamoja.

Mtu atapinga: mbona Wamasai hawali samaki na watoto wao wana akili timamu? Pingamizi hili lilikwisha kujibiwa papa hapa Tanzania. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwalinganisha akina mama na watoto wachanga wa jamii tatu: Wamasai wasiokula samaki kabisa, Wapare wanaokula mara mbili au tatu kwa wiki, na watu wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, wanaokula mara nne au tano. Pale ambapo DHA ya mama ilikuwa chini, mtoto alizaliwa na kiwango cha juu kuliko cha mama yake. Kondo la nyuma lilikuwa limempendelea mtoto. DHA ya mama ilipofikia karibu asilimia 6 ya mafuta ya chembe nyekundu za damu yake, wawili hao walilingana. Mtoto analindwa, ni kweli, lakini analindwa kwa akiba ya mama, na chini ya kiwango hicho kinga hiyo hupungua baada ya kuzaliwa. Ongeza utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1996: wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku walikuwa na shinikizo la damu la chini kuliko ndugu zao wa milimani waliokula mimea tu. Waliokula mimea nao hawakuwa walaji wa vyakula vya viwandani, kwa hiyo tofauti hiyo si ya chipsi na soda.

Wengine watasema alizeti hushusha kolesteroli. Inashusha kweli, ikichukua nafasi ya mafuta yanayoganda, na sisemi wakulima wa Singida wang'oe mashamba. Nasema isiwe mafuta pekee ya nyumba. Majaribio ya vidonge vya mafuta ya samaki nayo yametoa majibu yanayogongana, lakini kidonge si mlo.

Samaki wenyewe hawaitengenezi DHA kwa wingi. Huipata kutoka mwani mdogo wa majini, ndiyo maana asiyekula samaki anaweza kutumia mafuta ya mwani akavuka foleni vilevile. Kwa wengine wote, dagaa, vibua au sangara mara mbili kwa wiki, wakichemshwa au kupikwa kwa nazi, watafanya kazi ambayo chia haiwezi. Chia uendelee nayo, ina nyuzinyuzi nzuri. Na ukiona chupa imeandikwa omega-3, igeuze usome nyuma: kama EPA na DHA hazikutajwa, umenunua ALA.