Kiingereza cha Mtihani: Herufi Tatu Zinazomponza Askari

Askari asimamaye zamu Gatumba, katika barabara iendayo Uvira, husikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla jua halijapanda. Kiingereza kilibisha hodi baadaye. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Desemba ya mwaka huo huo kikosi chake cha kwanza kikaenda Somalia, kutumika pamoja na Waganda. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Polisi atakaye kutumwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa hupimwa lugha kwanza.

Katika karatasi za mitihani ya namna hiyo kuna swali liangushalo wengi. Sisi husema kulinda, kukagua, kuandika. Silabi moja ya mwanzo yatutosha. Kiingereza kina njia mbili: kutanguliza "to" mbele ya kitenzi, ama kuambatisha "-ing" mwishoni, kitenzi kikageuka kuwa jina la kitendo. Vitenzi kama "enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na "-ing". Vingine, kama "want", "decide" na "hope", hufuatwa na "to". Hivyo havina budi kukaririwa. Na baada ya "before" au "without" ni "-ing" peke yake: "without firing", yaani bila kufyatua risasi.

Ndugu msomaji asidhani kuwa haya ni mapambo tu. Mlinzi akiandika katika ripoti yake "I stopped to check the lorry", amesema kwamba alisimama ili alikague lori. Akiandika "I stopped checking the lorry", amekiri kwamba aliacha kulikagua. Sentensi ya kwanza yaonyesha bidii; ya pili yaweza kumfikisha mbele ya mkuu wake ajieleze. Vivyo hivyo, "I remembered to lock the gate" maana yake hakusahau kulifunga lango. "I remember locking the gate" maana yake anakumbuka kwamba alilifunga.

Swali la pili huhusu orodha. Mtihani huuliza: "Our duties are guarding the bridge, checking vehicles and ... reports." Majibu ni "write", "to write", "writing" na "written". Tafuta neno "and", kisha tazama waliotangulia wamevaa sare gani. Wawili wa kwanza wamevaa "-ing". Wa tatu naye na avae: "writing". Lau orodha ingeanza kwa "to guard", tungeendelea "to check and to write", au "to" moja ya mwanzo ingewatosha wote: "to guard, check and write". Kosa ni kuchanganya sare.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Mtu akisema, "Kazi yetu ni kulinda daraja, kukagua magari na uandishi wa ripoti", sikio hulikataa lile la mwisho, ingawa maana yaeleweka. Sikio hilo hilo ndilo la kupeleka katika Kiingereza.

Basi jioni, baada ya zamu, andika mambo matatu uliyoyatenda siku hiyo, kwanza yote kwa "-ing", kisha yote kwa "to". Dakika kumi zatosha. Atakayedumu hivyo hatahitaji kubahatisha siku ya mtihani, wala ripoti yake haitamsingizia kosa asilolitenda.