Je, Wajua? Kichina cha Dakika Moja

Je, wajua kwamba Wachina zaidi ya bilioni 1 hutazama video fupi kwenye simu zao? Bilioni! Na humo ndani, katikati ya mapishi na vichekesho, mna darasa la bure la Kichina: dakika moja ya habari, dakika moja ya mila, dakika moja ya hadithi za kale.

Tazama chini ya picha. Mchina anamwandikia Mchina mwenzake kila neno linalosemwa! Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou, kila mmoja akisema cha kwao, hawaelewani, lakini wakiandika, wanaelewana. Wewe mgeni unafaidi bure: sikio linapata sauti, jicho linapata maandishi.

Sasa kaa vizuri. Januari 3, 2019, chombo cha China kilitua upande wa nyuma wa mwezi, ule tusiouona kutoka duniani, na hakuna chombo kilichowahi kutua huko kabla yake. Kinaitwa Chang'e 4, na Chang'e ni mwanamke wa hadithi aliyemeza dawa ya kuishi milele akapaa hadi mwezini. Huko anaishi na sungura. Je, kigari kilichoshuka kutoka kwenye chombo hicho kinaitwaje? Yutu-2: ni yule yule sungura!

Bado. Upande ule hauwezi kuwasiliana na dunia moja kwa moja, kwa hiyo satelaiti hupokea ujumbe na kuupitisha. Jina lake ni Queqiao, lile daraja ambalo ndege hulijenga kwa miili yao mara moja kwa mwaka, siku ya 7 ya mwezi wa 7, ili mchunga ng'ombe akutane na mkewe mfumaji ng'ambo ya mto wa nyota. Kigari kilichotua Mirihi Mei 2021? Zhurong, mungu wa moto. Kituo chao cha angani? Tiangong, kasri la mbinguni. Ndiyo maana nasema usiziruke video za hadithi: bila hadithi, nusu ya habari inakupita.

Na Wukong, nyani mwenye jina lililopewa satelaiti ya mwaka 2015, unamjua? Katika Safari ya Magharibi, kitabu cha karne ya 16 chenye sura 100, akijirusha mara moja tu anakwenda zaidi ya kilomita 50,000. Ameizunguka dunia na chenji imebaki! Mtawa ambaye Wukong anamlinda safarini alikuwepo kweli: Xuanzang, aliyerudi kutoka India mwaka 645 na vitabu 657.

Hadithi nyingine zimebanwa hadi herufi 4 za Kichina. Mkulima analima, sungura anakuja mbio, anagonga kisiki, anavunjika shingo. Mkulima anatupa jembe na kukaa pale kisikini siku baada ya siku akingoja sungura wa pili, huku shamba likiota magugu. Kisa kina zaidi ya miaka 2,200, na leo ukisema "shou zhu dai tu" tu, kila mtu anajua unamsema nani.

Je, wajua kwamba "ma" ikipandishwa au kushushwa sauti inaweza kuwa mama, katani, farasi au kugomba? Msomi Zhao Yuanren alitunga kisa kizima chenye herufi zaidi ya 90, zote zikitamkwa "shi", kwa milio tofauti! Sikiliza kwanza, ndugu yangu, ndipo ufungue mdomo.

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki: jana, leo, kesho, ni kile kile. Lakini ukihesabu, vitu vina makundi yake: samaki, nyoka, mto na barabara viko kundi moja, kwa kuwa vyote ni virefu. Wewe uliyekulia kwenye ngeli utakiogopa nini?

Hata pwani yetu imo kwenye hadithi hizi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walipeleka twiga China, na watu wa ikulu wakashangilia kwamba qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, amefika!

Na maneno ya Kichina niliyokuandikia hapa yako kwa pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, uliopitishwa mwaka 1958. Zhou Youguang, mchumi aliyeongoza kazi hiyo, alifariki Januari 2017 akiwa na miaka 111.

Unataka pa kuanzia? Tafuta video ya namba: yi, er, san, si, wu, liu, qi, ba, jiu, shi. Kwa maneno hayo 10 unahesabu hadi 99, maana 11 ni kumi-moja na 99 ni tisa-kumi-tisa. Ongeza neno moja tu, yue, na miezi yote 12 ni yako. Anza leo usiku.